Muhula wa pili ndo huo: mtoto wa la kwanza na la pili anaenda kusoma nini hasa?

Shule zikikaribia kufunguliwa mwezi wa saba, kwenye magrupu ya wazazi maswali ni yaleyale. Mwanangu wa la kwanza mbona daftari limejaa ma me mi mo mu tu, mbona hana sayansi wakati mtoto wa jirani anayo, huu mtaala mpya wanaosema watu wanaishia la sita unamhusu wangu au haumhusu, na hicho Kiingereza kimeanza lini. Mimi nafundisha haya madarasa ya chini, sasa ngoja niyafungue moja moja maana mengi yamechanganywa na watu wanaopeana taarifa nusunusu alafu mwisho wa siku anayesumbuliwa ni mtoto.

Tuanze na masomo, hapo ndo penye kelele nyingi. Darasa la kwanza na la pili Tanzania halina sayansi kama somo la kujitegemea, halina jiografia, halina historia. Hayo yanamsubiri la tatu. Huku chini kuna KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na kila K ni somo lake lenye kitabu chake na vipindi vyake vya dakika 30, alafu pembeni kuna mambo ya afya na mazingira, kuna utamaduni, sanaa na michezo, na kwenye mtaala ulioanza 2024 kimerudi Kiingereza cha mwanzo. Basi. Kwa hiyo mzazi ukifungua begi ukakuta madaftari machache usianze kupiga simu kwa mwalimu mkuu, hakuna kilichofichwa.

Na haikuwa hivi siku zote. Wale waliosoma miaka ya 2005 mpaka 2014 wanakumbuka mtoto wa la kwanza alikuwa na Kiswahili, Hisabati, Kiingereza, Sayansi, Haiba na Michezo, Stadi za Kazi, ratiba imejaa kama ya sekondari. Mtoto hajui hata kuunganisha b na a lakini ana mtihani wa sayansi wa kusoma swali mwenyewe, sasa hapo unampima sayansi au unampima kusoma? Kuanzia 2010 tafiti za mpango unaoitwa Uwezo zikawa zinapita nyumba kwa nyumba kumpa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha la pili, na watoto wengi waliokuwa tayari wako la tatu walishindwa kuisoma. Ikaja 2013 na ule mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, vipimo vikapigwa mashuleni, picha ikawa ileile. Ndo 2015 Taasisi ya Elimu, TET, ikatoa mtaala wa la kwanza na la pili uliopunguza mzigo, asilimia 80 ya muda ikapewa KKK peke yake. Watu wengi hawajui hii historia ndo maana wanadhani shule za serikali zimepunguza masomo kwa uvivu, kumbe ilikuwa ni kukubali kwamba mtoto akifika la tatu hajui kusoma basi masomo yote yaliyobaki anayasikia kwa mbali tu.

Sasa huu mtaala mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifanyiwa marekebisho ikaitwa toleo la 2023, na Januari 2024 utekelezaji ukaanza kwa Awali, darasa la kwanza na la tatu upande wa msingi. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima inakuwa miaka kumi ukijumlisha na minne ya sekondari ya chini. Kwa hiyo mtoto aliyeanza la kwanza 2024 anamaliza akiwa la sita mwaka 2029. Waliokuwa la tatu 2024 wanamaliza la sita 2027, na waliokuwa la nne mwaka huohuo wa 2024 wao wako kwenye mfumo wa zamani wanamaliza la saba, 2027 hiyohiyo. Ndo maana unasikia watu wanasema 2027 madarasa mawili yatatoka pamoja, sio uzushi, ni hesabu tu. Kama mwanao yuko la kwanza au la pili leo jibu lako ni fupi, yeye ni wa miaka sita, hamna la saba kwake. Na ukiliangalia hilo vizuri utaona kwanini huku chini hatutaki mchezo na KKK, maana ule mwaka mmoja wa kufidia mambo haupo tena.

Haya, turudi kwenye muhula wenyewe.

Mtoto wa la kwanza aliyemaliza muhula wa kwanza anatakiwa awe ameshazifahamu irabu tano, a e i o u, na konsonanti nyingi za peke yake, na awe anaunganisha silabi rahisi kupata maneno kama baba, kaka, meza, kiti, paka. Shule zinapishana kasi kidogo lakini wengi tunakwenda hivyo. Muhula wa pili ndo tunaingia kwenye herufi zinazoambatana, na hapa ndo jasho linapotoka. Ch, sh, ny, th, dh, gh, alafu mb, nd, nj, kw, mw, mpaka zile za herufi tatu kama mbw na ndw. Mtoto aliyekuwa anasoma "kaka" bila shida anakutana na "mbwa" anasimama pale kama amekutana na mbwa mwenyewe.

Wazazi wengi wanakosea kitu kimoja hapa na wanakosea kwa nia nzuri kabisa. Nyumbani wanamfundisha mtoto majina ya herufi, ule wimbo wa a, be, che, de, na mtoto anauimba vizuri wageni wakija wanapiga makofi. Alafu anakuja darasani ameandikiwa neno "baba" anasoma "be a be a". Umemwona? Anajua kila herufi na neno hajalisoma. Sisi darasani hatuanzi na jina, tunaanza na sauti. Naandika m kubwa ubaoni, nafunga midomo, "mmmmm", darasa zima "mmmmm", alafu naweka a pembeni, "aaaa", alafu kidole kinatoka kwenye m kinaenda kwenye a bila kukata pumzi, "mmmaaa, ma". Mara ya tatu au ya nne utasikia watoto wa nyuma huko wanasema "ma" kabla yangu. Tukishapata ma tunaandika mara mbili, inakuwa mama, na kuna mtoto hapo lazima acheke maana ameona kitu alichokuwa anakisema toka ana mwaka mmoja kumbe kinaandikika. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia nyumbani usiseme "hii ni em", sema sauti yake. Wimbo wa herufi mwachie auimbe, hauna madhara, ila usidhani ndo kusoma.

Kiswahili kimetubeba sana kwenye hili, kinaandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto akishashika mtindo anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kulisikia. Lakini kina vikwazo vyake na vyote vinakuja muhula huu. Kuna ile m inayosimama peke yake kama silabi, "mtoto" ni m-to-to, "mti" ni m-ti, sasa mtoto ambaye amezoeshwa kwamba kila konsonanti lazima iwe na irabu nyuma yake atakusomea "muti" na "mutoto", na wengine huo ndo utamshi wa nyumbani kwao kabisa kwa hiyo usimcheke, mrudishie polepole. Kuna ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe", kale kakoma ka juu watoto wanakadharau sana. Kuna r na l, na hapa hata walimu wenyewe tunaambiana ukweli ofisini, ukimwandikisha mtoto "kalamu" akaleta "karamu" kabla hujamwekea mkasi jisikilize kwanza wewe ulitamkaje.

La pili wao kazi imebadilika. Herufi zimeisha, sasa ni kusoma kwa ufasaha na kuelewa alichosoma. Kile kiwango kilichokuwa kinatumika kwenye upimaji wa KKK ni maneno 50 kwa dakika kwenye kifungu cha Kiswahili, na sio kwa sababu kuna mashindano ya mbio. Mtoto anayesoma "Ju... ma... a... li... kwe... nda..." akifika mwisho wa sentensi mwanzo ameshausahau, ukimuuliza Juma alikwenda wapi anakuangalia tu. Kasi inamsaidia kichwa kipate nafasi ya kuelewa. Kwa hiyo la pili muhula huu utaona vifungu vifupi vya hadithi vyenye maswali chini, nani alifanya nini, wapi, kwanini, na mwalimu anampigia mtoto mmoja mmoja muda huku anasoma kwa sauti.

Kuna ujanja mmoja watoto wanao naomba wazazi muujue, tunauita kuimba kitabu. Mtoto amesikia ukurasa ule ukisomwa darasani mara nyingi, ameukariri wote, anakufungulia anakusomea huku kidole kinatembea na wewe unafurahi unamtumia bibi yake vidio. Mjaribu hivi, ziba picha kwa mkono, alafu mwambie asome neno la mwisho la mstari, akienda sawa mpeleke neno la katikati. Akikwama ujue anaimba. Au achana na kitabu kabisa, mpe paketi ya chumvi, mpe mfuko wa unga, mkiwa kituoni mwambie akusomee gari linaloenda wapi, Mbagala, Ubungo, Gongo la Mboto, daladala zina maneno mazuri tu ya silabi za muhula wa pili na ni bure.

Kuandika nako watu wanakuchukulia poa. Mtoto wa la kwanza anaandika kwa penseli, tafadhali, sio peni, maana anakosea na anatakiwa afute. Muhula huu anatoka kwenye kunakili herufi moja moja anaenda kwenye maneno na sentensi fupi, anaanza herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni, alafu inakuja imla, mwalimu anatamka neno na mtoto analiandika bila kuliona mahali popote. Imla ndo inayotenganisha anayejua na anayenakili. Kuna watoto daftari lao zuri mno, mwandiko kama umechapwa, ukimtamkia "samaki" anaganda, kumbe siku zote alikuwa anachora maumbo ya ubaoni kama anavyochora nyumba na jua.

B na d zinageuzwa, 6 na 9 zinageuzwa, 3 inaangalia upande wa pili, hii kwa umri wa miaka sita na saba ni kawaida kabisa na wengi inaisha yenyewe kadri anavyoandika, usimpige, usimwite mjinga. Na yule wa mkono wa kushoto mwacheni, jamani, mwacheni na mkono wake, bado kuna nyumba mtoto anafungwa kitambaa mkono 2020 na kitu huko, haina faida yoyote. Mwambie tu mwalimu amkalishe pembeni ya dawati upande wa kushoto wasigongane viwiko na mwenzake.

Kuhesabu sasa, hapa nitakaa kidogo maana ndo kuna mabishano makubwa ya baba na mtoto saa mbili usiku.

La kwanza tunacheza na namba chini ya mia. Mwanzo wa mwaka ilikuwa ni vitu, vizibo vya soda, vijiti, mbegu za mahindi, hesabu moja mbili tatu, ipi nyingi ipi chache. Muhula huu kitu kikubwa ni makumi na mamoja, na ukielewa kwanini hili ni gumu utamhurumia mtoto. Mwambie aandike ishirini na tatu. Wengi, tena wenye akili nzuri tu, wanakuandikia 203. Wewe unasema huyu hajui, lakini msikilize vizuri, umemwambia ishirini, ameandika 20, umemwambia na tatu, ameweka 3. Amefanya ulichosema. Kitu ambacho bado hajakishika ni kwamba 2 ikikaa nafasi ya pili inabeba makumi mawili bila kuhitaji sifuri yake. Dawa sio kumwandikisha 23 mara hamsini. Dawa ni vijiti. Anahesabu kumi anafunga na raba, anahesabu kumi tena anafunga, vinabaki vitatu havina wa kufungwa nao. Mafungu mawili, vijiti vitatu, 2 na 3. Akishafunga na kufungua mafungu kwa mikono yake siku kadhaa 203 inapotea, na ikipotea hivyo hairudi.

La pili wanaingia mamia na ndo tunakuja kwenye kujumlisha na kutoa kwa kubadili makumi. Chukua 52 toa 27. Wazazi wa zamani tulifundishwa "mbili toa saba haiwezekani, kopa kwa jirani", na kila mwaka kuna mtoto anauliza mwalimu huyu jirani tutamrudishia lini, swali zuri kabisa na kwa lugha ile halina jibu. Sasa hivi tunamwonyesha kinachotokea kweli, makumi ni matano, chukua fungu moja ulifungue, makumi yanabaki manne na mamoja yanakuwa 12, 12 toa 7 ni 5, manne toa mawili ni mawili, 25. Jibu ni lilelile, ila mtoto anajua kile kijimoja kidogo anachokiandika juu kimetoka wapi. Naomba sana, kama wewe njia yako ni ya jirani na mwalimu anatumia mafungu, usimwambie mtoto "mwalimu wako hajui". Atakaa katikati yenu na hatafanya njia yoyote.

Kuzidisha kunaanza kama kujumlisha kunakorudiwa, 3 mara 4 ni 4 na 4 na 4, wewe nyumbani unaweza kumkaririsha tebo sio dhambi, mimi mwenyewe napenda mtoto anayejua tebo, lakini ukimuuliza mafungu matatu ya maembe manne manne ni mangapi ajue kwamba ni tebo ileile. Maana maswali ya la pili mengi ni ya maneno, na mtoto anashindwa sio kwa sababu hesabu ngumu, ni kwa sababu hajaelewa alichosoma, umeona K zinavyoshikana.

Fedha watoto wetu wanatushinda, hasa wale wanaotumwa dukani. Darasani namwonyesha sarafu ya mia tano kwenye kitabu ananiambia "jero", noti ya elfu moja "buku", sawa, natabasamu tunaendelea. Mpe buku akanunue maandazi mawili ya mia mbili mbili na umwambie akuletee chenji sahihi, kama amerudi na mia sita na anaweza kukueleza kwanini ni mia sita basi somo lile limeisha. Ugumu uko kwenye saa. Simu ya baba imeandika 07:00, mama anasema saa moja, mshale mfupi wa saa ya ukutani uko kwenye 7, sasa mtoto amwamini nani? Njia rahisi ninayotumia mimi, mwambie aangalie namba iliyokaa mkabala na mshale mfupi, upande wa pili wa duara. Mshale mfupi kwenye 7, mkabala ni 1, saa moja. Mshale kwenye 10, mkabala ni 4, saa nne. Dakika tutazungumza baadae.

Afya na mazingira sitaki kuisema sana, ni kunawa mikono, mswaki, kutumia choo vizuri, usafi wa darasa, mimea, vitu vya hatari, na kwa sisi tulio karibu na barabara kubwa ni kuvuka barabara kwanza kabla ya mengine yote. Sanaa na michezo wazazi wanaiona ni kupoteza muda, eti mwalimu amechoka kawapeleka nje, lakini mtoto anayefinyanga udongo na kukata karatasi anatengeneza vidole vitakavyoshika penseli, na anayepiga makofi kwa kila silabi ya jina lake, A-mi-na, Ba-ra-ka, anajifunza kusoma na yeye anadhani anacheza. Rede, kombolela, mdako, yote hayo yana kuhesabu ndani yake. Asiyeniamini akaangalie watoto wa kike wakicheza mdako alafu ajaribu yeye kufuata hesabu yake.

Kiingereza. Kwa shule zetu za Kiswahili hiki cha la kwanza na la pili ni cha kusikiliza na kuongea zaidi, salamu, majina ya vitu vya darasani, rangi, namba, nyimbo. Mtoto hatarajiwi amalize mwaka anasoma gazeti la Kiingereza. Walio kwenye shule za Kiingereza wao stadi ni zilezile tatu ila lugha ya kufundishia ni nyingine, na hapa naomba wazazi msilinganishe watoto wa ndugu. Mtoto wa Kiswahili akishajua sauti na silabi anaweza kusoma karibu kila kitu, mwenzake wa Kiingereza herufi hiyohiyo leo inasomeka hivi kesho vile, kwa hiyo binamu yake anaweza kumzidi kusoma kwa muda na hiyo haimaanishi umetupa ada. Na kinyume chake pia, huyo wa shule ya kulipia akiongea Kiingereza sebuleni haimaanishi anajua kukisoma.

Kuna jambo moja wazazi hawalioni kwa sababu hawako darasani. La kwanza linapokea watoto wa aina tatu kwa pamoja, kuna aliyesoma awali ya pale pale shuleni, kuna aliyetoka chekechea ya mtaani ambako alishaandikishwa mpaka hesabu za kujumlisha, na kuna ambaye hajawahi kushika penseli maishani. Toka elimu bila ada ianze 2016 watoto wanaoandikishwa wameongezeka sana, jambo jema kabisa, lakini kuna shule mwalimu mmoja ana watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja na kila mmoja anatakiwa asikilizwe akisoma. Fanya hesabu mwenyewe kipindi cha dakika 30 kinawatosha wangapi. Ndo maana tunawaomba dakika kumi za nyumbani, sio saa mbili, kumi tu za mtoto kusoma kwa sauti na mtu mzima au kaka yake anamsikiliza. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza, mwambie akusimulie alichosoma, atajua unamsikiliza.

Tuisheni kila mtu ananiuliza. Mtoto wa miaka sita aliyekaa shule toka asubuhi ukimpeleka tena tuisheni mpaka jioni anachojifunza huko ni kusinzia akiwa amekaa. Kama amekwama kwenye sauti fulani tafuta mtu wa kumrudisha kwenye sauti hiyo, hilo ni sawa, lakini tuisheni ya kumwahisha vitabu vya la tatu akiwa la kwanza mimi siioni maana yake. Na kuhusu vitabu, kabla hujanunua vya mtaani vyenye makatuni na makosa ya herufi, TET wameweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yao, unafungua kwa simu unasoma bure, angalau ujue mwanao yuko ukurasa gani.

Mkifika ile likizo fupi ya katikati ya muhula fanya kipimo kidogo. Wa la kwanza mwandikie maneno kumi ambayo hayako kwenye kitabu chake, matano ya silabi rahisi na matano yenye hizo zinazoambatana, nyanya, chumba, shamba, ndizi, mwezi. Akisoma ya kwanza yote na kukwama kwenye haya ya pili yuko mahali pazuri tu, ndo kazi tunayoendelea nayo. Akikwama hata kwenye rahisi njoo shuleni usisubiri Disemba, na ukija usije na swali la "anaendeleaje" maana nitakujibu anaendelea vizuri tuagane, njoo na hilo karatasi tuone ni sauti ipi inayomkwamisha. Na kama unaona anasoma vizuri kitabu kikiwa mkononi lakini kazi anazonakili ubaoni zinakuja na makosa ya ajabu, au anainamia sana daftari, au unamwita mara tatu ndo anageuka, mpeleke hospitali wakampime macho na masikio kwanza, alafu niambie nimhamishie dawati la mbele.